Vijiti Vinavyosikika Chumba cha Pili

11 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama na tanuri lako, maana katika familia yetu tanuri ndilo linaloulizwa hali kwanza. Mimi sijambo. Mvua imenyesha wiki nzima na dari langu linavuja, lakini linavuja juu ya kabati, si juu ya kitanda, kwa hiyo nashukuru. Redioni tumepata kipaza sauti kipya na fundi mwenzangu hataki mtu akisogelee. Kopo la vijiti vya mkate mlilotuma kwa mwaka mpya limefika. Asanteni sana.

Sasa Mjomba, kaa kitako. Naomba usinitumie vijiti tena.

Si kwamba vimenichosha. Daktari amenikataza ngano, tena maisha yangu yote. Kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya donge lako la unga livutike bila kukatika, na utumbo wangu hauwezi kukivumilia hata kidogo. Nikila, unajiumiza wenyewe. Hali hii ninayo huu mwaka wa tatu. Makopo yako nimekuwa nikiyapokea, nawagawia watu kazini, kisha nakuandikia kwamba vijiti vilikuwa vitamu. Wao waliniambia ni vitamu, kwa hiyo sikukudanganya sana.

Mama anajua. Nilimwomba asikuambie.

Mpwa wako,
Masikio

2 Februari

Masikio, mpwa wangu, marahaba.

Sisi tuzima. Paka wa duka amezaa ndani ya gunia tupu na sasa gunia hilo haliguswi. Goti la mama yako linamsumbua ngazini, lakini mdomo wake haujambo kabisa. Tumbo langu limenuna kama kawaida yake, nikalipa maji ya moto likatulia. Ni tumbo la ukoo, hata marehemu baba alikuwa nalo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa kuwa uliniambia nikae.

Miaka yote hiyo unawalisha watu baki vijiti vyangu! Nilikasirika mpaka nikaunguza trei nzima ya mikate. Nikamwendea mama yako, nikamkuta anakunja nguo.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia?"

"Wewe ungeweza kunyamaza?"

Nikarudi kwenye mikate yangu.

Sasa nisikilize. Umesahau wewe ni nani katika nyumba hii? Bibi yako alipofungua duka hili aliweka sharti moja: vijiti havitoki kwenda kuuzwa mpaka mtu mmoja akae chumba cha pili, mlango ufungwe, mwingine aume, na yule wa chumba cha pili asikie na kupiga kelele, "Nimekusikia!" Kijiti kisichosikika, alisema, ni mkate uliokauka tu. Wewe ulikalishwa chumba hicho hata shule hujaanza, na hukuwahi kukosea. Jina la Masikio ulipewa na bibi yako mwenyewe. Leo uniambie nisikutumie vijiti? Thubutu!

Mama yako anatimiza miaka sabini tarehe ishirini na sita mwezi wa tisa. Nikipata kijiti kisicho na ngano kinachosikika chumba cha pili, utakuja, utakaa mezani, utakula sahani moja na sisi. Ukikataa, nitajua hunitaki mimi, si ngano.

Nimeanza na unga wa mchele. Kopo linafuata.

Mjomba wako

24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mpe Mama pole ya goti, na paka mpe hongera. Huku dari limezibwa, sasa linavuja kwa jirani.

Kopo limefika. Nililitikisa kama nilivyozoea, sikusikia vijiti, nikasikia mchanga. Nimevila kwa kijiko na maziwa. Ladha ipo, siwezi kusema haipo, ila umenitumia uji mkavu. Nilitia kidogo mdomoni mbele ya kile kipaza sauti kipya, na fundi mwenzangu aliyekuwa upande wa pili wa kioo akauliza ni nani anatembea ufukweni.

Usicheke. Ni kazi yangu hiyo. Kila Alhamisi tunarusha mchezo wa redio, na kila kitu unachokisikia kikianguka, kikipasuka au kikikimbia, ujue mimi nipo hapo na sinia, mafurushi ya karatasi na viatu vya watu.

Kuhusu mwezi wa tisa, sina hakika. Kazi itakuwa nyingi. Kipindi hicho huwa kazi ni nyingi mno.

Halafu Mjomba, hilo tumbo lako linanuna tangu lini?

Masikio

20 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako anakusalimu. Amenunua redio mpya ili akusikie, na amekasirika kugundua kwamba wewe hutamkwi jina, unavunja vyombo tu.

Umeandika kwamba kazi ni nyingi mara mbili katika mistari miwili. Nimeona.

Unga wa muhogo sasa. Nilisukuma, nikakata, nikaoka, vikatoka vyeupe na vinang'aa, nikajipongeza. Nikaenda kukaa chumba cha pili, mama yako akauma. Nikasikia kishindo cha ajabu, nikapiga kelele "Nimekusikia!" nikatoka mbio kwa furaha. Nikamkuta ameshika shavu. Kilichovunjika lilikuwa jino lake la bandia, kijiti chenyewe kilikuwa kizima mkononi mwake. Hakuniongelesha siku nzima, na leo ameongea ili tu kuniomba nauli ya kwa daktari wa meno.

Lakini sikati tamaa. Nimeondoa magunia yote stoo ya nyuma, nimepaka chokaa, nimenunua kibao kipya cha kusukumia, kifimbo kipya, trei mpya na kitanuri kidogo. Ngano haivuki mlango ule. Mimi mwenyewe naoga na kubadili nguo kabla ya kuingia, mpaka wateja wameanza kuuliza kama nimeoa. Kibao cha bibi yako kimebaki mbele, naye atanisamehe.

Kopo hili ni mchele na unga wa dengu, muhogo kidogo sana, na ufuta juu. Vimesikika mlango ukiwa nusu wazi. Bado si ushindi, lakini tunausogelea. Ngano mimi mwenyewe nimeacha kuila kwa muda, maana ulimi ulioonja mkate asubuhi haupimi kitu kingine vizuri.

Kopo nimelipamba ndani kwa karatasi mpya, nyeupe, kwa heshima yako.

Mjomba wako

27 Aprili

Masikio,

Mama yako mzima, mimi mzima, jino limerudi mahali pake.

Umenyamaza. Wewe hunyamazi. Hata kikiwa kibaya kiasi gani, niandikie ukitukane.

Mjomba

10 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Mama asijue ninayokuandikia hapa mpaka umsomee kwa upole.

Vijiti vyako havikuwa vibaya. Hilo ndilo lililonishinda kukuandikia. Nilifungua kopo nikiwa na viatu miguuni, nikala nusu yake nimesimama, na nikalia, Mjomba, kwa kuwa ilikuwa ladha ya nyumbani. Kisha nikaugua. Niliugua sana, kazini nikakosa, na mwenye nyumba akaja kugonga mlango kujua kama nipo hai. Sasa nimepona, usianze kufunga mizigo kuja huku.

Nilikaa na kalamu mara nyingi. Nikiandika nimeugua, utaacha. Nikiandika vimenifaa, utatuma vingine. Nikachagua kunyamaza, na kunyamaza nako kukaniuma.

Acha nikueleze na lile la mwezi wa tisa. Si kazi. Unakumbuka nilivyokuja mara ya mwisho, nikapika viazi vyangu kwenye kisufuria changu, nikakaa pembeni na kijiko changu? Ulinitania kwamba nimekuwa bibi harusi anayelinda kiuno. Wote mkacheka na mimi nikacheka. Mama alitoka nje kwenda kuanua nguo. Mjomba, siku hiyo hakukuwa na nguo zilizoanikwa. Nilimsikia analia nyuma ya ukuta, na wewe unajua masikio yangu. Nyumba nzima ni unga, hata pazia ni unga. Siwezi kuja tena kukaa pembeni na kisufuria siku ya sabini yake. Afadhali nisije kabisa.

Usijilaumu kwa kopo. Ila nakuuliza jambo moja. Nilipomwaga vijiti vilivyobaki niliona vigamba vyeupe chini ya kopo, vimebanduka kwenye ile karatasi nzuri. Karatasi uliibandika kwa kitu gani?

Masikio

1 Juni

Mpwa wangu,

Kwa gundi. Gundi ya unga wa ngano, ile ile tunayopika dukani tangu enzi za bibi yako kubandikia karatasi za nje za makopo yote. Nimehamisha stoo, nimenunua kifimbo, nimeoga kama maharusi, halafu nikachukua ngano nikaipaka ndani ya kopo kwa brashi. Kwa heshima yako! Nilimsomea mama yako. Aliingia dukani, akachukua chungu cha gundi, akakitupa jalalani na brashi yake. Nimeumia, Masikio. Pole sana, mwanangu. Na kwa utani ule wa kiuno, pole mara mbili.

Lakini usiweke barua chini, bado sijafika.

Makopo lazima yabandikwe. Nikapika gundi nyingine kwa unga wa mchele, maji yakichemka, nikikoroga mpaka ikawa nzito na kung'aa. Nikabandika karatasi. Asubuhi nikaivuta, haikubanduka. Nikaivuta kwa nguvu, ikachanika yenyewe lakini gundi haikuachia. Nikasimama pale na kipande cha karatasi mkononi. Miezi mitatu nalia kwamba mchele haushikani, haushikani, na huu hapa umeng'ang'ania bati kuliko kupe!

Nikakimbilia stoo. Sehemu ya unga nikaupika hivyo hivyo ukawa gundi, ukiwa bado wa moto nikaukandia na unga mbichi uliobaki, mchele na dengu. Donge likashikana. Nikalisukuma likawa jembamba kama ganda la kitunguu, halikukatika. Nikaoka, nikaacha vipoe, nikaoka tena.

Mama yako alikwenda chumba cha pili. Akafunga mlango. Akawasha na redio yake, kwa kisasi cha jino. Mimi nikauma.

"NIMEKUSIKIA!"

Paka alikimbia na watoto wake wote. Mama yako alitoka anacheza, goti gani tena. Tulikula trei nzima tumesimama na kila mmoja akijifanya kumwachia mwenzake kipande cha mwisho.

Kopo jipya, karatasi mpya, gundi ya mchele. Kula kidogo kwanza, ungoje. Nami nakula vijiti hivi hivi tu siku hizi, suruali zimeanza kunikaa vizuri na lile tumbo limesahau kununa. Furaha ni dawa.

Mjomba wako

17 Juni

Mjomba, shikamoo tena na tena.

Nilikula kimoja nikalala. Nikala vitatu, nikalala. Nikamaliza kopo. Sijambo kabisa! Niko mzima, nimeshiba, na kwenye shati langu kuna ufuta.

Lakini ungekuwepo studio. Nilikaa chumba cha kurekodia, mlango mzito umefungwa, fundi mwenzangu yuko upande wa pili wa kioo amevaa vidude vyake vya masikioni. Nikauma. Alivirusha vile vidude mezani, akashika masikio, na mdomo wake nikauona kwenye kioo unaniita majina mabaya. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mjomba, umeweza. Watu wenye viwanda wanatuuzia makaratasi na kuyaita biskuti, na wewe umeweza kwa chungu cha gundi.

Sasa utanichukia kidogo. Furaha si dawa ya tumbo.

Hali yangu inarithiwa. Mama alipimwa, hana. Lakini damu ilipita kwake ikitokea kwa babu, na babu unasema alikuwa na tumbo linalonuna. Wewe la kwako limenuna tangu nakufahamu, na limenyamaza miezi hii uliyoacha ngano. Nilikuuliza mwezi wa pili, ukaniambia habari za muhogo.

Nenda ukapimwe. Ulinipa sharti, nami nakupa langu: usipopimwa, tarehe ishirini na sita siji, hata vijiti visikike nchi jirani.

Masikio

3 Septemba

Masikio, mpwa wangu, marahaba.

Mama yako mzima. Paka amegawa watoto, mmoja amebaki nasi na analala kwenye trei kuukuu. Mvua hakuna.

Najua nimekaa kimya karibu miezi mitatu. Wiki za kwanza nilikuwa nimenuna. Mwokaji wa mikate, mtoto wa mwokaji wa mikate, aende kuuliza kama ngano inamdhuru? Ni sawa na seremala aambiwe mbao zinamwasha. Nilimwambia mama yako kwamba umekuwa mkorofi. Akasema, "Amefuata mjomba wake," akaniwekea viatu mlangoni.

Nikaenda. Daktari ni binti mdogo, ana sauti ya chini, nikamweleza yote mpaka habari za chungu. Akaniuliza, "Ngano umeacha tangu lini?" Nikasema tangu mwezi wa tatu. Akatikisa kichwa, akasema kipimo hakitaona kitu mwilini mwa mtu aliyekwisha kuacha. Nirudi kula ngano kila siku kwa wiki kadhaa, ndipo anipime.

Nikamuuliza, "Vijiti vinafaa?" Akasema vinafaa. Masikio, nimekuwa mtu wa kwanza katika ukoo huu kuandikiwa vijiti na daktari! Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kifua hicho hakikukaa sana. Lile tumbo lilirudi na ndugu zake wote. Zamani nililiona la kawaida kwa kuwa sikuwa nimewahi kukaa bila hilo. Safari hii nilijua tofauti, na kila asubuhi nikala kijiti changu nikikitazama machoni. Siku ya mwisho nilioka trei moja kwenye kibao cha mama yangu, ya ngano, kama alivyonifundisha. Nikauma, na dada yangu akaitikia kutoka chumba cha pili. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Tukaviaga.

Majibu yametoka. Hali yako ninayo. Mimi na wewe, na bila shaka marehemu baba naye, ambaye tulimzika tukisema alikuwa mtu wa hasira.

Nilidhani nitalia. Nililala mchana mzima siku hiyo, na nilipoamka nikawa na njaa, basi. Duka la mbele nimewaachia wakandaji wangu wa unga, nao wanalijua kuliko mimi. Mimi nimehamia stoo ya nyuma moja kwa moja. Mapazia ya nyumba yamefuliwa, jiko limesuguliwa, sahani ni mpya, na mama yako ametangaza kwamba siku ya sabini yake hapaliwi ngano hata na jirani. Kisufuria chako cha viazi amekipandia maua.

Sharti lako nimetimiza. Fanya hima utimize langu.

Mjomba wako

8 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama, mzigo umefika salama, na kopo halikufika kwa kuwa niliyekaa naye safarini aliomba kimoja, akaomba kingine, tukawa marafiki.

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kukuandikia kuhusu tarehe ishirini na sita, sijaipata, basi naandika tu. Nilipoingia mlangoni nilivuta pumzi kwa woga, kwa mazoea, na nyumba ilinukia sabuni na ufuta. Mama hakuniuliza nitakula nini. Alinisukumia sahani ile ile aliyokuwa anaila yeye, akaendelea kuongea na watu kana kwamba si kitu. Mjomba, niliinama nikijifanya nafunga kiatu.

Kisha akatuamuru mimi na wewe tuume pamoja, akaenda zake chumba cha pili na goti lake la miaka sabini, akafunga mlango. Watu wote mezani wakaacha kula. Tukauma. Kimya! Uliniangalia, nikaona umetoka jasho. Mlango ukafunguka na Mama hakupiga kelele. Alisimama pale, akasema polepole, "Nimewasikia wote wawili." Safari hii alilia mezani, mbele yetu, na hakwenda kuanua nguo yoyote.

Nimeishi miaka mitatu nikidhani nimeondolewa kwenye meza ile. Asante.

Alhamisi ya wiki mbili zijazo, usiku baada ya taarifa ya habari, fungueni redio. Ni mchezo wa mwizi anayejificha msituni. Sisemi zaidi.

Masikio

24 Oktoba

Mpwa wangu, marahaba.

Wote wazima. Tumbo kimya.

Alhamisi mama yako aliweka redio juu ya meza, akakataza mtu kukohoa. Nikamwambia, "Dada, tufanye kama inavyotakiwa." Tukaiacha redio pale pale, tukaenda kukaa chumba cha pili, tukafunga mlango.

Mwizi akaingia msituni. Ndege wakalia, najua ni wewe na filimbi ya mtoto wa jirani yako. Walinzi wakapita na taa zao. Mwizi akabana pumzi, akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga tawi kavu.

Haikuwa sauti ya tawi. Naijua sauti ile. Nimeipika, nimeikanda, nimeioka mara mbili. Mchele na dengu, mpwa wangu, na wewe meno yako juu yake, na nchi nzima inasikiliza!

Walinzi wakamkamata mwizi. Sisi hatukusikia mwisho wa mchezo, kwa kuwa tulikuwa tumesimama, watu wazima wawili wenye mvi, tunapiga kelele kwenye mlango uliofungwa mpaka jirani akawasha taa.

Najua huko haifiki sauti yetu, kwa hiyo naiandika hapa kwa niaba yetu wote wawili.

Masikio, tumekusikia.

Mjomba wako